Anubiasi au Kangaga la Java? Ulinganisho wa Mimea ya Rizomu kwa Tangi Dogo la Samaki wa Maji Baridi

Mtu anayetaka kupanda mimea katika tangi dogo la samaki wa maji baridi, tuseme tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lenye ujazo wa lita 54, hukutana mapema na makundi mawili ya mimea. Kundi la kwanza ni la mimea ya mashina marefu, inayokua haraka, inayodai mwanga mkali, udongo wenye rutuba na mara nyingi hewa ukaa ya mtungi, na ambayo isipokatwa kila baada ya siku chache hulijaza tangi lote. Kundi la pili ni la mimea ya rizomu, yaani ile yenye shina nene linalotambaa kwa ulalo kama tangawizi au manjano, likitoa majani upande wa juu na mizizi upande wa chini. Ulinganisho huu unahusu kundi la pili, na unalenga swali ambalo mwenye tangi dogo anapaswa kulijibu kabla ya kutoa fedha zake: kati ya anubiasi, kangaga la Java, kangaga la Kongo na busefalandra, ni mmea upi utakaoyavumilia maji yake, mwanga wake na samaki wake?

Niseme mapema kwamba siioni mimea hii minne kuwa sawa. Kwa tangi la ukubwa huo lisilo na mtungi wa gesi, katika nyumba ya kawaida ambamo umeme hukatika mara kwa mara, ushindani wa kweli ni kati ya anubiasi na kangaga la Java. Mingine miwili ni mizuri sana kwa macho, lakini kila mmoja una sharti lake, na sharti hilo lisipotimizwa mmea hudhoofika hata kama mwenyewe anautunza kwa bidii.

Rizomu haifukiwi

Kanuni hii inaihusu mimea yote minne. Katika vijito vya asili mimea hii haihitaji tope ili ishike. Hujishikiza kwenye mawe, magogo na mizizi ya miti iliyo kando ya maji, mahali ambapo maji hupita na kuiosha wakati wote. Rizomu ikifukiwa chini ya changarawe hukosa maji yanayotembea, hulainika, kisha huoza kuanzia chini huku majani yakiendelea kuonekana mazima kwa muda. Hivyo ndivyo nilivyoupoteza mmea wangu wa kwanza. Muuzaji aliniambia niupande kama mche wa mchicha, nikaufuata ushauri huo, na baada ya wiki chache majani yalikuwa yakiachana na shina kwa kuguswa tu. Mizizi inaweza kuingia kwenye changarawe bila madhara yoyote. Kinachopaswa kubaki juu na kuonekana kwa macho ni rizomu yenyewe.

Kwa hiyo mmea hufungwa au hugandishwa kwenye jiwe au kipande cha mti. Uzi wa pamba unafaa kwa kuwa huoza wenyewe baada ya wiki kadhaa, wakati ambapo mizizi imekwisha kushika. Mshipi wa kuvulia samaki hauozi, nao hauonekani kirahisi, lakini ukikazwa mno hukata rizomu laini. Njia ya tatu ni supagluu, hasa ile nzito ya jeli: jiwe hupanguswa likauka, tone dogo huwekwa, mmea hubonyezwa kwa muda mfupi, kisha vyote hurudishwa majini. Gundi hiyo huganda haraka inapokutana na unyevu, na ikishaganda haiwadhuru samaki. Mimi huitumia gundi kwa anubiasi, ambayo ina rizomu nene na ngumu, na huutumia uzi kwa makangaga, ambayo rizomu zake ni nyembamba na zina vinyweleo vinavyozuia gundi kushika vizuri.

Anubiasi na kangaga la Java

Anubiasi ni mmea wa Afrika. Jenasi yake ilipewa jina mwaka 1857 na mwanabotania Heinrich Wilhelm Schott wa Austria, aliyelichukua jina la Anubis, mungu wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha. Spishi zake zinaenea katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal, kupitia bonde la Kongo, hadi Angola, na ile ndogo inayopendwa zaidi katika matangi, Anubias barteri var. nana, asili yake ni Kameruni. Ni wa familia moja na magimbi, na undugu huo una faida ambayo nitairudia. Kangaga la Java si Mwafrika na wala si la Java peke yake, kwa kuwa linapatikana katika eneo kubwa la Kusini-Mashariki mwa Asia. Ni kangaga halisi, halitoi maua wala mbegu, bali huzaa kwa vijimbegu (spora), chembe ndogo kama vumbi, na, jambo linalowafurahisha wengi, kwa vitoto vinavyochipua kwenye majani yake yenyewe.

Tofauti ya kwanza ambayo mnunuzi ataiona ni umbo, na kwa tangi dogo umbo ndilo linaloamua mmea ukae wapi. Anubiasi ndogo ina majani mapana, mazito, yenye rangi ya kijani iliyokolea, na mara nyingi haizidi kimo cha sentimita 10 au 15. Ile iitwayo ‘Petite’ ni ndogo zaidi, ina majani ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na inafaa hata tangi la lita 20. Kangaga la Java la kawaida lina majani marefu kama upanga yanayoweza kufika sentimita 30, ambacho ndicho kimo kizima cha tangi la lita 54 kabla hata hujaweka changarawe. Ukilipanda mbele litaficha kila kitu. Anayelitaka katika tangi dogo achague aina yenye majani membamba, au ile ya ‘Windelov’, yenye ncha zilizochanika kama manyoya, iliyopewa jina la Holger Windeløv, mwanzilishi wa kitalu cha Tropica cha Denmark. Kwa maoni yangu mimea hii miwili haigombanii nafasi moja: anubiasi hukaa mbele na katikati, kwenye miguu ya mawe, na kangaga hukaa nyuma au juu ya gogo lililoinuka.

Tofauti ya pili ni mwanga, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo matangi mengi ya mimea ya rizomu huharibika. Watu husikia kwamba mimea hii hukua polepole, wakadhani taa kali zaidi itaiharakisha. Haiharakishwi hivyo. Anubiasi katika hali nzuri hutoa jani moja kwa kila rizomu katika muda wa wiki tatu au nne hivi, na jani hilo huweza kudumu kwa zaidi ya mwaka. Jani linalodumu mwaka mzima chini ya taa kali, tena kwenye mmea usiotumia virutubisho vingi, huwa kama ukuta unaongoja kupakwa: mwani huja ukakaa juu yake. Kwanza huja madoa magumu ya kijani, kisha ule mwani mweusi unaofanana na nywele za brashi, ambao hushika kwenye kingo za majani na hautoki kwa kusuguliwa kwa kidole. Mmea unaokua haraka huyaacha majani yake machafu chini na kutoa mapya juu. Anubiasi haina uwezo huo.

Kangaga la Java nalo hukua polepole na hupata mwani, lakini majani yake ni membamba, husimama wima, hutikiswa na maji, na hubadilishwa kwa haraka kidogo kuliko ya anubiasi. Kwa sababu hiyo, mwenye tangi lililo karibu na dirisha linaloingiza jua la mchana, ambaye hana mahali pengine pa kuliweka, atapata tabu kubwa zaidi akichagua anubiasi. Hata hivyo dawa ya kwanza ni ileile kwa mimea yote: taa hafifu, iwake saa sita hadi nane kwa siku na si zaidi, na ikiwezekana iwe na kifaa cha kuiwasha na kuizima kwa saa maalumu, kwa sababu mkono wa binadamu husahau. Anubiasi iwekwe kwenye kivuli cha mmea mrefu au cha gogo. Inapopandwa chini ya kangaga la Java hupata kivuli hicho bila gharama, na hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipendekeze mimea hii miwili pamoja badala ya mmoja peke yake.

Katika suala la samaki, ule undugu na magimbi sasa una maana. Kila aliyewahi kula magimbi yasiyoiva anaujua muwasho wa kinywani na kooni. Unasababishwa na fuwele ndogo sana za oksaleti ya kalisiamu, na mimea ya familia hiyo, anubiasi ikiwemo, inazo. Pamoja na ugumu wa majani yake, hali hiyo huwafanya hata samaki waharibifu wa mimea waiache. Anayefuga mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wanaokwangua mwani kwenye mawe na kufukua changarawe usiku na mchana, atakuta anubiasi iliyogandishwa juu ya jiwe inabaki mahali pake wakati mimea ya ardhini imekwisha kung’olewa. Kangaga la Java pia huachwa na samaki wengi, na linafaa hata kwa samaki wa dhahabu, lakini rizomu yake nyembamba huvunjika kwa urahisi zaidi likisukumwa na samaki wakubwa. Kwa matangi ya mbuna ninachagua anubiasi, na ile kubwa, si ndogo.

Kuhusu maji, mimea yote miwili ni mivumilivu, ila uvumilivu wake si wa namna moja. Anubiasi huyakubali maji laini na magumu, yaani yenye madini machache ya chokaa au mengi, na joto la nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi linaifaa. Kangaga la Java huvumilia ubaridi kidogo zaidi, na huvumilia pia chumvi kidogo ndani ya maji, sifa ambayo ni adimu kwa mimea ya maji baridi. Kwa mkaazi wa pwani anayetegemea kisima, ambapo maji mara nyingi huwa magumu na yenye ladha ya chumvi, sifa hiyo peke yake inatosha kulitanguliza kangaga la Java. Tahadhari moja inawahusu watu wa pwani zaidi: mawe ya matumbawe, ambayo ni rahisi kuyapata na yanapendeza kwa macho, ni chokaa, na yakikaa ndani ya tangi huyeyuka kidogo kidogo na kuongeza ugumu wa maji. Mbuna watafurahi, lakini kangaga la Kongo, nitakalolieleza hapa chini, halitafurahi.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwenye ndoo kwa siku nzima kabla ya kutumiwa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Hili ni kwa ajili ya samaki na kwa bakteria wa chujio zaidi kuliko kwa mimea.

Kuzalisha anubiasi ni kazi ya kisu. Rizomu ikirefuka hukatwa kwa kisu kikali, kila kipande kikibaki na angalau majani matatu au manne, na vipande vyote viwili huendelea kuishi. Kangaga la Java hukatwa vivyo hivyo, lakini pia huzaa bila kuombwa: kwenye ncha na migongo ya majani yaliyokomaa huchipua vitoto vyenye mizizi yao, ambavyo huachwa vikue mpaka viwe na majani matatu hivi, kisha hubanduliwa na kufungwa kwenye jiwe jingine. Katika mwaka mmoja kangaga moja lenye afya linaweza kumpatia mwenyewe mimea mingi ya kugawia majirani. Mtu mwenye fedha kidogo na subira ya kutosha, anayetaka kulijaza tangi lake kwa mmea mmoja wa kuanzia, hana chaguo bora kuliko hilo.

Dalili za ugonjwa pia zinatofautiana, na kuzichanganya huleta hasara. Mistari au nukta za kahawia zilizopangika chini ya jani la kangaga si ugonjwa, ni vifuko vya vijimbegu. Mabaka meusi yanayopenya jani zima na kulifanya lioze ni jambo jingine. Mara nyingi hutokana na upungufu wa virutubisho, hasa potasiamu, au na mshtuko wa kuhamishwa, na mbolea ya maji yenye potasiamu, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida hutosha. Kwa anubiasi dalili ya kuogopwa ni rizomu iliyolainika na yenye harufu mbaya. Hapo hakuna mbolea itakayosaidia: kata sehemu yote laini mpaka ufike kwenye nyama ngumu yenye rangi safi, na kipande kilichobaki kikae peke yake kwenye chombo kingine mpaka kitoe jani jipya.

Kangaga la Kongo na busefalandra

Kangaga la Kongo, Bolbitis heudelotii, kwa uzuri ndilo la kwanza kati ya yote minne kwa macho yangu. Majani yake ni ya kijani cha kung’aa, yamegawanyika kama ya mkangaga wa msituni, na ndani ya maji huonekana kana kwamba mwanga unapita katikati yake. Linaenea katika Afrika kutoka Senegal hadi Ethiopia na kusini hadi Afrika Kusini, katika vijito vyenye mawe na maji ya kasi. Kasi hiyo ndiyo sharti lake. Katika tangi lenye pampu dogo ambalo maji yake yanazunguka kwa uvivu, hukaa miezi bila kutoa jani, halafu huanza kuwa jeusi. Linapenda maji laini yenye uasidi kidogo na joto lisilozidi nyuzi 26 kwa muda mrefu. Linawafaa zaidi wakaazi wa maeneo ya juu yenye hali ya ubaridi na maji laini, mradi liwekwe mbele kabisa ya mdomo wa chujio. Kwa Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya joto, ambapo maji ya tangi hufika nyuzi 29 au 30 bila hita yoyote, silipendekezi. Tena likikomaa hufika sentimita 30 na zaidi, na tangi la lita 54 halina nafasi ya ukubwa huo.

Busefalandra inatoka katika kisiwa cha Borneo peke yake, ambako huota juu ya miamba ya vijito vyenye maji ya kasi. Kwa muda mrefu ilikuwa haijulikani sana hata kwa wataalamu, mpaka mwaka 2014 wanabotania Peter Boyce na Wong Sin Yeng walipoeleza spishi nyingi mpya kwa pamoja. Majani yake huwa na rangi za kijani, zambarau na buluu iliyofifia, mengine yakiwa na nukta nyeupe kama vumbi la nyota, na mmea mzima mara nyingi hauzidi sentimita 10. Kwa ukubwa, basi, hakuna unaofaa tangi dogo kuliko huu. Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni kwamba mmea huu hukua polepole hata kuliko anubiasi, na unapohamishwa kutoka maji ya aina moja kwenda mengine huweza kumwaga majani yote. Anayeuona ukiwa hivyo asiitupe rizomu iwapo bado ni ngumu, kwa sababu huchipua tena baada ya wiki kadhaa. Cha pili ni cha dhamiri: mimea mingi inayouzwa imeng’olewa moja kwa moja kutoka vijito vya Borneo, na kijito kilichokwanguliwa mawe yake hakirudi katika hali yake upesi. Anayeitaka busefalandra aitafute iliyozalishwa maabara kwa tishu, kama inavyofanywa kwa miche ya migomba. Huuzwa ndani ya vikopo vyenye jeli, na faida yake nyingine ni kwamba haiji na konokono wala mwani.

Kabla ya kununua

Mimea yote minne ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: kwa kuwa hukua polepole, hunyonya uchafu wa samaki polepole pia. Tangi jipya lililopandwa anubiasi pekee halina mmea wa kuondoa kwa kasi amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na samaki wakiingizwa siku ya kwanza wanaweza kufa. Chujio liachwe lifanye kazi kwa wiki nne hadi sita, likipewa chakula kidogo cha samaki kinachooza ili bakteria wenye manufaa waongezeke, au iwekwe juu ya maji mimea michache inayoelea, ambayo hunyonya haraka na huleta kivuli ambacho anubiasi inakihitaji. Mimea hiyo inayoelea ipunguzwe baadaye.

Dukani, usiangalie majani kwanza. Geuza mmea, shika rizomu kwa vidole viwili, uibonyeze taratibu. Iwe ngumu kama tangawizi mbichi, isiwe na harufu, na iwe na ncha yenye chipukizi. Mmea wenye majani matano na rizomu ngumu ni bora kuliko wenye majani kumi na tano na rizomu laini. Ukiwa umepandwa ndani ya kikapu kidogo chenye sufi, uutoe wote humo na kuiondoa sufi kabisa, kwa sababu ndani ya sufi ndiko rizomu huanza kuoza. Fahamu pia kwamba anubiasi nyingi hukuzwa vitaluni nje ya maji, kwenye unyevu mwingi. Majani ya zamani yanaweza kufa yanapozama kwa mara ya kwanza, na hilo si kosa la muuzaji wala lako.

Anayeagiza kutoka nje ya nchi akumbuke kwamba mmea hai unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea: Kenya mamlaka husika ni KEPHIS, na Tanzania ni TPHPA. Na vipande vinavyokatwa, pamoja na ile mimea inayoelea, visitupwe mtoni, bwawani wala kwenye mtaro wa maji ya mvua. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limekwisha kuingia Ziwa Viktoria, ambako linaziba gati na kuharibu nyavu hadi leo. Vipande vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, kisha vitiwe kwenye shimo la mboji.